Stelingi Amepelekwa Mwanza

Wiki iliyopita niliwadanganya wenzangu wa kikundi cha akiba kwamba tumbo linanisokota, ili nibaki ndani niangalie sehemu ya mwisho ya tamthilia. Sehemu hiyo ilikuwa imeonyeshwa jana yake. Naandika nikiwa na akili zangu zote: mimi, mtu mzima, nilioga mapema, nikakaanga karanga, nikajifunga kile kitenge changu kisichoruhusiwa kuvuka kizingiti, nikajipanga mbele ya televisheni kama bi harusi anayesubiri kuitwa. Muziki ukalia. Wakashuka kwenye ndege watu nisiowajua hata mmoja. Nikasema kwa sauti, peke yangu sebuleni, "Hawa nao wamekosea." Ilikuwa tamthilia mpya, ndiyo kwanza inaanza.

Aibu yangu ina uzito wake, maana katika nyumba hii tunayopanga hapa Nyahanga, Kahama, mimi ndiye ratiba. Wapangaji wenzangu wana simu kubwa kuliko yangu, lakini wakitaka kujua kinachoanza Jumatatu, kinachoisha Ijumaa na kile cha kupoteza macho tu, wanapiga hodi kwangu. Kila Jumapili jioni naandika kwenye stetasi, pale wengine wanapobandika picha za harusi: "Jumanne kuna mpya, msiikose. Yule mjane anaishia wiki hii, andaeni leso. Jumamosi laleni tu, hakuna kitu." Safari hii nilikosea siku ya mjane, na nyumba nzima ikamkosa pamoja nami. Nilizunguka vyumba vyote nikiuliza, "Mume alirudi au hakurudi?" Nilikuwa karibu kulia, nao wanacheka. Sifa yangu yote hapa mtaani ni kukaa ndani, na hata hiyo nimeshindwa kuifanya kwa usahihi.

Jioni ile nilikuwa bado nagombana na rimoti umeme ulipokatika. Kijana wa duka la ng'ambo ya barabara akavuta kamba ya jenereta. Ikakohoa, ikanguruma, na moshi wa petroli ukaingia dirishani ukakutana na karanga zangu za moto. Harufu hizo mbili zikikutana, mimi siko Kahama tena. Niko Kharumwa nilikokulia, nimekaa kwenye mkeka wa mbele kabisa, miguu nimeoshwa, na baba yangu ameshika maiki.

Baba alikuwa mchimbaji mdogo kama wanaume wengine wa kule. Alishuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kwa kamba na tochi ya kichwani, mpaka siku udongo ulipommegukia mguu. Mguu ulipona ukiwa umepinda. Wenzake wakamchangia ili aanze maisha mengine, na watu wote wakatarajia atanunua mbuzi. Akarudi na televisheni ya chogo, deki na jenereta iliyochoka kama yeye. Mama alisimama mlangoni akazitazama zikishushwa, akauliza, "Sasa Baba Limi, katika hivi, kipi kitatuzalia?"

Limi ndiye mimi. Na baba akajibu, "Mama Limi, wewe kaanga karanga tu, utaona."

Akajenga banda la mabati na viroba, akapanga benchi, akatandika mkeka mbele kwa ajili ya watoto. Mama akaweka jiko lake mlangoni, akawa anakaanga karanga na kuzifunga kwenye vikaratasi. Nje kabisa, penye msumari, baba akatundika ubao mweusi aliouomba kwa fundi wa shule. Hapo ndipo wiki yetu ilipoandikwa. Siku ya mnada alipanda baiskeli na mguu wake mmoja mzuri, kipaza sauti mkononi, akiwatangazia hata ng'ombe: "Jumatatu mpya inaanza! Mtoto wa tajiri kapenda mpika mihogo! Alhamisi ndiyo mwisho wa yule mama mkwe mchawi, atajulikana! Jumamosi ni karate tupu, hakuna maneno, hata bubu karibu!" Majina ya tamthilia aliyatunga mwenyewe, kwa sababu yale ya kwenye makasha hakuweza kuyasoma.

Na hili ndilo jambo la kuelewa kuhusu baba. Zile sidii zilitoka mbali, watu wake wakizungumza kila lugha isiyo yetu, na baba hakujua hata moja. Alikaa pembeni ya televisheni akatafsiri. Alisema kwa sauti za wote: mzee alikohoa, msichana alilegeza sauti, polisi alikuwa na lafudhi ya polisi wetu wa pale kituoni, mpaka polisi mwenyewe alikuja siku moja kujisikiliza. Wakorea walidaiana ng'ombe wa mahari. Yule mwanasheria mwenye mkoba mweusi, kwa baba alikuwa mshenga, na kila alipofungua mkoba tuliambiwa amekuja kupunguza idadi ya ng'ombe. Mvua ikinyesha kwenye kioo, baba alisema, "Hapo wanashukuru, pamba ilikuwa inakauka." Benchi zote zikaitikia kwa kicheko, na kicheko cha mama kule mlangoni kilisikika juu ya vyote.

Niseme juu ya kicheko hicho. Kilianzia chini sana, kama mtu anayesukuma mtumba wa nguo, halafu kikapanda ghafla na kumwacha anapepea mkono kutafuta hewa. Mwishoni alikohoa. Mimi nilidhani kikohozi ni sehemu ya kicheko, mkia wake.

Watu wazima walijua baba anatunga. Sasa naelewa kwamba hicho ndicho walichokijia. Lakini mimi niliyekaa mkekani, shingo imeinuka, niliona jambo lingine: baba anasema, na watu wa kwenye kioo wanatenda. Alisema, "Sasa anasimama," na mtu akasimama. Alisema, "Sasa analia," na mtu akalia. Sikufikiri kwamba anawafuata. Nilifikiri wanamtii.

Kulikuwa na tamthilia moja iliyotuchukua msimu mzima. Jina la msichana wake la kwao hatukulijua, baba alimwita Milembe. Milembe aliteswa na mama mkwe, akafukuzwa, akauza maua barabarani, akapata kikohozi cha damu kwenye leso. Wachimbaji wenye mikono kama mawe walimwita "dada yetu". Wiki ya mwisho, ubao uliandikwa kwa herufi kubwa kuliko siku zote: MILEMBE, MWISHO WAKE, NJOONI NA LESO. Banda lilijaa mpaka watu wakachungulia kwenye matundu ya misumari. Sisi watoto tuliambizana tusiogope, kwa sababu kila mtoto wa Tanzania anajua stelingi hafi.

Milembe akafa. Akafumba macho kitandani, mkono ukaning'inia, mume akaanguka magotini. Wakamtia kwenye jeneza jeupe. Baba mwenyewe alishusha maiki, nadhani hata yeye hakuwa ameiangalia mpaka mwisho kabla ya kutuonyesha. Kisha banda likawa msiba. Wanawake walifunika nyuso kwa vitenge. Mchimbaji mmoja alisimama akasema, "Mkalimani, hatuondoki. Sisi tumemlipia huyu msimu mzima, halafu afe?" Mwingine akasema kesho haji, wala keshokutwa. Na mama yake Kulwa na Doto, jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke asiyejua kusema jambo kwa kuzunguka, akapaza sauti: "Wewe Baba Limi, ungetuambia mapema tubaki nyumbani tupike."

Baba akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi yake maalumu, puani, kabla ya jambo kubwa. Akashika maiki.

"Tulieni, ndugu zangu. Nani kasema amekufa? Milembe hajafa. Milembe amezimia, na hivi mnavyoona amepelekwa Mwanza, hospitali kubwa."

"Na jeneza?" mtu akauliza.

"Jeneza ni la mama mkwe."

Lo! Vitenge viligeuka kuwa bendera. Watu walipiga mabati, walikumbatiana, mama mkwe alizomewa mpaka kaburini. Mama yangu alicheka mlangoni hadi akalazimika kushika fremu. Wiki iliyofuata ubao ukasema: MILEMBE ARUDI KUTOKA MWANZA.

Sasa kurudi huko kulikuwa kazi. Baba alitafuta sidii nyingine, tamthilia nyingine kabisa, yenye msichana aliyefanana na Milembe kwa nywele tu. Akamshusha kwenye gari, akatangaza: "Huyooo, amepona!" Watu wakapiga makofi, isipokuwa Mama Kulwa.

"Baba Limi, huyu mbona pua nyingine?"

"Dawa hizo, Mama Kulwa. Dawa za hospitali kubwa zinabadili mpaka pua."

"Na mume naye kabadilika?"

"Mume alikonda kwa mawazo."

Walicheka mpaka jenereta haikusikika. Mimi sikucheka. Nilikuwa najifunza. Niliona kwa macho yangu mtu aliyekufa ameamriwa asife, amepelekwa Mwanza, na amerudi kwa mlango na uso mwingine, hakumbuki watu vizuri, mpaka mumewe amweleze upya kila kitu. Nililiweka hilo kichwani kama mtoto mwingine anavyoweka jedwali la kuzidisha.

Basi mama alipoanza kukohoa bila kicheko mbele yake, sikushtuka. Alipoacha jiko la karanga na kulala mchana, nilikaa miguuni pake nikamwambia ratiba ya wiki, kwa sababu hakuweza tena kwenda kuisoma. "Jumatatu kuna mpya, mama. Jumatano yule pacha mbaya anakamatwa." Alinisikiliza kwa makini kabisa, kama ni taarifa ya habari. Akasema, "Niwekee ya Jumatano, mayu. Hiyo nitaamka." Mayu ni neno letu la kumwita mama, na mama humwita hivyo hata binti yake akimpenda. Jumatano haikufika na yeye akiwa nyumbani. Waliamua apelekwe Mwanza.

Nilifurahi. Sitaki kulipamba jambo hili. Nilipoambiwa Mwanza, niliruka. Mama Kulwa ndiye aliyejitolea kwenda kumuuguza, kwa sababu baba alitakiwa abaki na banda atafute pesa za dawa. Asubuhi ile mama alipandishwa kwenye basi akiwa amefungwa kanga mbili na shuka, nami nikampungia kwa mikono yote miwili kama watu wanavyompungia askofu. Basi lilipokata kona nikamuuliza baba, "Atabadilika na pua?"

"Kidogo," akasema.

"Mimi nitamjua tu."

Mama alifia kule. Sikuambiwa. Nilichoambiwa ni kwamba baba anakwenda kumwona, na mimi nilale kwa kina Kulwa na baba yao. Mazishi yalifanyika Kishapu, kwa wazazi wa baba, ambako anazikwa kila mtu wa ukoo wetu, na waliokuwa wakubwa wakaenda. Mimi nilibaki nacheza rede na mapacha. Nilishinda sana siku zile, kila nilipolengwa mpira ulinikosa. Miaka mingi baadaye nilielewa kwamba mapacha walikuwa wameagizwa wasinipige.

Baba na Mama Kulwa walirudi kwa basi moja. Baba alikuwa amenyolewa kichwa kizima, kinang'aa. Nilicheka kwa kumwonyesha kidole.

"Baba, nani kakufanya hivyo?"

"Kinyozi wa Shinyanga," akasema. "Alikosea."

"Na mama?"

Pumzi puani. "Mama bado yuko Mwanza. Dawa zenyewe ni ndefu. Atarudi."

Mama Kulwa alikuwa amesimama hapo hapo na mfuko wake kichwani. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akaingia kwake bila kuaga. Yeye aliyekuwa na neno juu ya kila pua iliyopita kwenye kioo chetu.

Baba alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba wasiniambie. Mtaa mzima ulikubali. Wangekataaje? Walikwisha kuzoea banda lile. Walijua kukaa kimya Mkalimani anaposema. Nikienda kuchota maji, wanawake wananijazia ndoo na kunitwisha. Nikitumwa dukani, napewa peremende. Nilidhani ni kwa sababu baba yangu ni mtu maarufu, nikaanza kutembea kwa maringo. Ukiona picha ya mtoto yule, mgongo umenyooka, peremende shavuni, anamweleza kila mtu kwamba mama yake anarudi na pua mpya, utapenda umfinye.

Jioni moja niliwasikia ukutani. Ukuta wetu na wa Mama Kulwa ulikuwa wa matofali mabichi, maneno yalipita bila hodi.

"Baba Limi, mwambie mtoto."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Wiki ijayo."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo. Huo ni ubao wako au ni mtoto?"

"Mama Kulwa, nikishika maneno, yananikatalia. Nawezaje? Wewe ungeanza na neno gani?"

"Mimi ningeanza na lile lenyewe."

Mimi nilishika yale ya "wiki ijayo". Nilijua maana yake: kuna kitu kinakuja. Asubuhi nikatazama ubao. Banda lilikuwa limefungwa tangu safari ya Kishapu, na mvua ilikuwa imeufuta mpaka ukabaki na ukungu wa chokaa. Nikatafuta kipande cha chaki mchangani, nikapanda juu ya tofali, nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la kwanza: WIKI IJAYO MAMA. Watu walipita wakasoma, hakuna aliyefuta. Baba alitoka, akausoma, akarudi ndani, akafunga mlango.

Sijawahi kumuuliza baba juu ya siku zile. Yuko Kishapu sasa, mzee, mguu umepinda zaidi. Ananipigia Jumapili na tunaongea mvua na mifugo. Hataki televisheni nyumbani kwake. Wajukuu wa ndugu zake wanamwona mshamba, nami nawaacha wamwone hivyo. Wakati mwingine nahesabu kwamba alikuwa na umri mdogo kuliko nilio nao leo, mgane, mlemavu, na kipaji kimoja tu duniani, cha kuwaondolea watu mwisho wasioupenda. Alipomtazama mwanawe alishika kipaji hicho, angeshika nini kingine? Namwonea huruma wakati huu naandika. Halafu nakumbuka kidole changu kikionyesha kile kichwa chake kilichonyolewa, na huruma inakwenda pengine.

Msimu ukapita. Mahindi yakavunwa, maandishi yangu yakafutika ubaoni, nikayaandika tena, yakafutika tena. Kisha siku moja mchana, basi la Kahama likasimama pale barabarani, baba akashuka, na nyuma yake akashuka mwanamke.

Alikuwa na begi dogo na kitambaa kichwani. Mwembamba, kama mtu aliyetoka kuugua. Uso sikuujua. Pua sikuijua. Kila kitu kilikuwa kama kilivyotakiwa kuwa. Nilikimbia. Niliangusha ndoo ya watu. Nikafika mbele yake, nikapiga magoti kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo mama! Umepona?"

Mwanamke yule, niliambiwa baadaye, alikuwa ametapika njia nzima kutoka Kahama. Akafuta mdomo kwa upande wa kanga, akatabasamu kwa aibu. "Marahaba, mwanangu. Nimepona. Ni basi tu."

Nikamgeukia baba. Baba alivuta pumzi, ile ya puani. Watu wa mtaa walikuwa wamesimama milangoni, kama kwenye benchi. Mimi nilimtazama mdomo. Mdomo ukafunguka, ukakaa wazi, ukafumbwa. Akabeba begi akaelekea nyumbani, akichechemea kuliko siku zote. Nikashika mkono wa mama nikamwonyesha njia.

Nilimfundisha wiki nzima. Sikumlaumu kwa kusahau. Nilijua dawa zile zinavyofanya. Asubuhi nilimwonyesha chumvi inakokaa, na kijiko chake, na ndoo ya kunywa na ya kufulia. Alipokata kitunguu nikamwambia kwa upole, "Mama, wewe hupendi vitunguu," naye akasimama na kisu hewani, akatazama mlango kumtafuta baba, kisha akavitoa vitunguu sufuriani kimoja kimoja. Alipofunga kitenge fundo kulia, nikamhamishia kushoto. Alipochemsha michembe, vile viazi vyetu vilivyokaushwa, akasahau karanga, nikamletea karanga. Kila alichokosea nilikisahihisha, na kila nilichosahihisha alikikubali. Usemi wake ulikuwa wa watu wa mbali huko, mwingine kabisa. Hilo pia nililisamehe.

Nadhani siku ya tatu au ya nne alielewa. Nilimwona amekaa chini na baba nyuma ya banda, anaongea kwa mikono, baba ameinamia mguu wake. Baada ya hapo hakunikatalia hata kitu kimoja. Aliniita kila mahali, aliniuliza, "Na hii nilikuwa naifanyaje?" Angeweza kusema neno moja tu akapumzika. Hakulisema. Nami niliongeza bidii, kwa sababu nilimwona anaendelea vizuri, kila siku anakuwa mama zaidi kidogo.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja. Alasiri ile tulikuwa uani, yeye anapeta mahindi, mimi nimekaa juu ya kinu nimemkazia macho.

"Mama, sasa cheka."

"Nicheke nini, Limi?"

"Cheka tu. Ulikuwa unacheka hivi." Nikamwonyesha. Nikaanzia chini, nikasukuma, nikapandisha, nikapepea mkono kutafuta hewa. Sikukosea hata sehemu moja, kikohozi nacho nilikiweka.

Akajaribu. Kilitoka kidogo, cha puani, cha mtu anayeogopa kuamsha wengine.

"Hapana, mama. Kianzie chini. Huku." Nikateremka, nikaweka mkono wangu tumboni pake. "Tena."

Akajaribu tena. Tumbo lilitikisika chini ya kiganja changu, nikafurahi, nikafikiri sasa kinakuja. Ungo ukamtoka mkononi, mahindi yakamwagika, kuku wakaja mbio. Nilipoinua macho, mashavu yake yote mawili yalikuwa yameloa, na mdomo bado umeukaza upande wa kicheko, kwa ajili yangu.

"Karibu," nikamwambia. "Karibu unaweza. Tena, mama."

Mama Kulwa alikuwa amekuja kuomba moto, kigae chake mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale mlangoni pa ua tangu lini. Alikiweka kigae chini, akawafukuza kuku, akanishika bega akanigeuza nimtazame yeye, akasema:

"Limi, mwache mama wa watu. Wako amekufa, nilimwosha kwa mikono hii, na baba yako alikuwepo. Huyu anaitwa Veronika, na umemchosha."